Nani Anakaa Ifakara?

Najua nimepotea. Mwanafunzi wa ualimu akiwa TP, mwenye vipindi 22 kwa wiki, madaftari 74 ya mkondo mmoja tu na andalio la somo la kila siku, hana muda wa kuandika mambo yake. Leo Jumamosi nimefua, maharage yako jikoni, umeme upo. Tuongee.

Kuna swali linanisumbua tangu wiki ya pili hapa Ifakara. Mwalimu wa hisabati aliyekuwepo shule niliyopangiwa (shule siitaji, msiniulize) alikaa miezi minne akaondoka. Ni Mtanzania, Kiswahili ni lugha yake, hakuomba kibali kwa mtu yeyote ili aishi hapa. Na ng'ambo ya barabara yetu anaishi dada mmoja Mmarekani, msomi mwenye PhD yake, alikuja hajui hata "asante". Huu ni mwaka wake wa tatu na wala haonyeshi dalili za kufunga mizigo. Sasa imekuwaje yule mwenye nchi ameshindwa kukaa na mgeni amekaa?

Jibu ambalo kila mtu hunipa ni moja: hela. "Mzungu ana hela, mwalimu hana." Sawa, hela ipo, sikatai. Lakini nimekaa na jirani huyu wiki tano sasa, nikimfundisha Kiswahili jioni naye akinisaidia mambo ya takwimu, na naona hela peke yake haielezi yote. Nitawaeleza nilichokiona, halafu mtaniambia.

Kwanza mjue kwamba na mimi ni mgeni hapa. Mtoto wa Bukoba, nimekulia ndizi na senene. Nilipoona jina langu kwenye orodha ya TP na mbele yake limeandikwa Kilombero, nikamuuliza rafiki yangu wa Mabibo hosteli, "Huko si ndiko kwenye mchele?" Akasema, "Na mbu." Ndiyo yote tuliyoyajua, wanachuo wa mwaka wa pili, mmoja wao anasoma Jiografia!

Basi letu lilipita Morogoro, likapita Mikumi, kisha tukaacha barabara kuu tukaanza kushuka kusini. Kidatu ni miwa mpaka macho yanachoka. Baada ya hapo milima ya Udzungwa inakufuata mkono wa kulia kama ukuta wa kijani, Mang'ula unaona geti la hifadhi iliyoanzishwa 1992, halafu ardhi inalala chali. Tambarare kabisa. Ndilo bonde lenyewe hilo. Mvua zikiwa kubwa maji ya mto Kilombero yanatapakaa humo, yakirudi yanaacha udongo mzuri wa mpunga. Mwaka 2002 bonde hili liliingizwa kwenye orodha ya Ramsar ya ardhioevu muhimu duniani. Hayo nilikuja kuyasoma nikiwa tayari nimefika. Kwa macho niliona baiskeli kwanza. Jamani, baiskeli za Ifakara si mchezo! Mama kabeba watoto wawili, mzee kabeba kitanda, kijana kabeba magunia huku anaongea na simu.

Sasa turudi kwa jirani. Kazi yake ni kukaa na wakulima wa mpunga na kujua wanaamuaje lini wapande, lini wavune, na wakisikia mafuriko yanakuja wanafanya nini. Kabla hajagusa shamba la mtu alipitia COSTECH kuomba kibali cha utafiti, halafu Uhamiaji kibali cha ukaazi, halafu mkoa, halafu wilaya, halafu kata, halafu mwenyekiti wa kijiji. Anasema karatasi zilichukua muda mrefu, lakini karatasi hazikumtisha, kwa sababu kabla ya hapa aliishi miaka miwili Ujerumani, mji wa Bonn, ambako chuo kikuu chake kimeshafanya utafiti wa ardhioevu huku kwetu Kilombero.

Mimi nilidhani Mmarekani akienda Ujerumani anakuwa kama mimi nikienda Mwanza. Kumbe hapana. Anasema ukihamia kule lazima uende ofisi ya mji ujiandikishe unakaa nyumba namba ngapi, bila karatasi hiyo mambo mengi hayaendi. Takataka zinagawanywa, karatasi pipa lake, mabaki ya chakula pipa lake. Jumapili maduka karibu yote yamefungwa, na ukipiga kelele za kutoboa ukuta siku hiyo jirani anakuja, tena hiyo ndiyo mara ya kwanza unaiona sura yake. Alikaa miezi sita kwenye jengo moja na watu hajui majina yao. Kila kitu kilikuwa kimeandikwa mahali fulani, kazi yake ilikuwa kukisoma.

"Na hapa?" nikamuuliza.

"Hapa hakuna kilichoandikwa," akasema. "Hapa ni kuulizwa maswali tu."

Alipanga nyumba ya vyumba viwili na sebule, kodi ya miezi sita mbele kama kawaida yetu. Siku ya kwanza majirani wakaja kumsalimia, na maswali yakaanza. Umeolewa? Una watoto? Wazazi wapo? Mbona umewaacha? Alikuwa akijibu "hapana, sina watoto", watu wanaguna na kumpa pole kama kafiwa. Mama mwenye nyumba ndiye aliyemwokoa: "Mwanangu, usiseme hapana. Sema bado." Tangu hapo ni bado, na watu wanaridhika kabisa, wanasema Mungu atajalia.

Dukani ndiyo alikuwa kituko. Alikuwa anasema "Nataka sukari", maana kitabu chake kilimfundisha hivyo, na muuza duka anampa bila kumwangalia. Yeye akadhani kaka yule hapendi wazungu. Mama mwenye nyumba tena: "Sema naomba." Yeye kwake kuomba ni kwa mtu asiye na hela, iweje aombe kitu anachokilipia? Lakini akajaribu. Naomba sukari nusu. Muuza duka akacheka, akamuuliza habari za kazi. Shikamoo nayo alikuwa anaitoa kwa kila mtu, mpaka watoto wa darasa la kwanza wanamwitikia "Marahaba" kwa sauti nzito kisha wanakimbia. Sasa hivi anajua kupima umri kuliko hata mimi. Wazee wa Kihehe na Kibena wanaopita na baiskeli anawapokea kwa "Kamwene" yao, ambayo mimi Mhaya bado nainyoosha ulimi.

Lakini ukiuliza majirani ni lini hasa aliacha kuitwa "mzungu" akaanza kuitwa kwa jina, hawataji duka wala salamu. Wanataja msiba. Mwaka wake wa kwanza alifiwa mzee wa nyumba ya tatu. Akaenda. Hakukaa kwenye kiti walichomletea, alikaa kwenye mkeka na akina mama, akatoa rambirambi yake kwa mwenye daftari, asubuhi akaamka kuchambua mchele na wenzake kwa ajili ya kupikia watu. Moshi ulimtoa machozi, watu wakadhani analia, na pengine alikuwa analia kweli. Bibi mmoja aliniambia, "Yule ni wetu, alituzikia."

Haya, mtasema huyo ni mmoja, kabahatika. Nikaanza kuchimba. Ifakara ina historia ndefu ya wageni wa aina hii kuliko nilivyofikiri, na wengi ni watu wa Uswisi.

Wakapuchini wa Uswisi walifika Mahenge na bonde hili kuanzia 1921, baada ya Wajerumani kushindwa vita na wamisionari wao kuondolewa. Masista wa Baldegg wakafuata njia hiyohiyo. Ndipo ilipotoka hospitali ya Mtakatifu Fransisko ambayo mgonjwa wa Malinyi au Mlimba anaijua kuliko anavyoijua Muhimbili. Kisha akaja msomi: Rudolf Geigy, mwanazoolojia wa Basel. Ni wa ukoo uleule wa kampuni ya Geigy, ile ambayo mkemia wake Paul Müller aligundua mwaka 1939 kwamba DDT inaua wadudu, akapata Nobeli 1948. Rudolf yeye alianzisha Taasisi ya Tropiki ya Uswisi mwaka 1943, katikati ya vita, na mwaka 1957 taasisi hiyo ikawa na maabara yake hapa Ifakara.

Ukisikia maabara usifikirie vioo na koti jeupe tu. Walikuwa wanatafuta papasi kwenye sakafu za nyumba za udongo, maana papasi ndiye anayeleta homa ya vipindi. Walitafuta mbung'o, walitafuta mbu. Fikiria mtu anabisha hodi nyumbani kwako, hajui lugha yako vizuri, anakuomba achimbe chini ya kitanda chako atafute wadudu. Utamruhusu? Ili kazi hiyo iende lazima kwanza ujulikane, usalimie, unywe uji wa watu. Mmoja wao, Thierry Freyvogel, aliyekuja kusomea wadudu, aliishia pia kukusanya mikeka iliyosukwa na watu wa Ulanga na kuandika makala juu yake. Nilipolisoma hilo nilifurahi sana. Kusoma mbu ilikuwa kazi yake. Mkeka unauangalia vizuri ukishakaa juu yake.

Mwaka 1961, mwaka wetu wa uhuru, wakaongeza kituo cha kufundishia waganga wasaidizi hapahapa Ifakara. Vijana wa Kitanzania wakaanza kusomea kazi mahali ambapo wagonjwa wapo. Miaka ya 1980 mwanzoni maabara iliongozwa na Marcel Tanner, aliyeishi hapa kuanzia 1981 mpaka 1985 na baadaye akawa mkurugenzi wa taasisi nzima kule Basel. Miaka ya 1990 chanjo ya malaria ya SPf66, iliyotengenezwa na Manuel Patarroyo wa Kolombia, ilijaribiwa kwa watoto wa kijiji cha Idete chini ya Mhispania Pedro Alonso. Matokeo yalitoka 1994: ilizuia karibu theluthi moja tu ya malaria, na majaribio ya baadhi ya nchi nyingine hayakuonyesha hata hicho. Lakini kutoka bonde hilihili ndipo ulipokuja ushahidi wa vyandarua. Mradi wa kuuza vyandarua Kilombero na Ulanga kwa jina la Zuia Mbu ulionyesha, kwenye matokeo ya 2001, kwamba watoto waliolala kwenye vyandarua vyenye dawa walikuwa na nafasi ya kuishi iliyoongezeka kwa asilimia 27. Kumbukeni kwamba miaka hiyo mtu wa baadhi ya vijiji vya hapa alikadiriwa kuumwa na mbu wenye vimelea zaidi ya mara 300 kwa mwaka. Karibu kila usiku!

Wamarekani nao wapo kwenye hadithi. Jamie Monson, mwanahistoria, alifanya utafiti wake wa udaktari kuhusu kilimo cha bonde hili kati ya 1840 na 1940, akaumaliza 1991 chuo kikuu cha UCLA. Kisha akarudi tena, safari hii kwa ajili ya TAZARA, reli iliyojengwa na Wachina pamoja na Watanzania na Wazambia kati ya 1970 na 1975, na mwaka 2009 akatoa kitabu. Kilichonivutia ni kwamba habari zake hazikuishia kwa marais na mikataba. Zilifika kwa wachuuzi wa kwenye treni, wanaopakia ndizi na mchele stesheni moja na kushusha nyingine. Habari za namna hiyo hazipatikani ukilala hotelini Dar.

Sasa hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri, maana msije mkadhani naimba sifa za wazungu. Sivyo. Nimejaribu kuhesabu hawa watu walikuwa na nini, na nimepata vitu vinne.

Kimoja, mahali pa kulala pa uhakika. Jirani yangu ana madirisha yenye wavu, ana tangi la maji, akiumwa kuna bima itakayomtoa na ndege. Mbili, walikuta watu wao. Geigy hakuja porini, alikuta misheni ina hospitali na masista wanaozungumza Kijerumani chake. Tatu, kazi yao ilikuwa na mtu anayeisubiri mwisho wa safari. Basel kulikuwa na jarida, Acta Tropica, tangu 1944, na kulikuwa na mkuu anayesoma ripoti na kuuliza maswali. Nne, walijifunza. Lugha, salamu, msiba, lini useme naomba na lini useme bado. Kitu cha nne hakinunuliwi. Lakini vile vitatu vya kwanza ndivyo vilivyowapa muda wa kukipata cha nne.

Sasa mchukueni yule mwalimu wa miezi minne. Cha nne alikuwa nacho siku anashuka kwenye basi. Alijua shikamoo, alijua msiba, alijua kila kitu. Vile vitatu hakuwa nacho hata kimoja. Chumba chake nimeonyeshwa: dirisha halina wavu, mlango unafungwa kwa kamba. Mshahara wa kwanza ulichelewa, akakopa dukani mpaka akaona aibu kupita njia hiyo. Hakuwa na mwenzake wa hisabati hata mmoja wa kumuuliza swali. Na kazi yake nani aliisubiri? Alifundisha kidato cha pili mlinganyo wa kipeo cha pili mpaka wakaelewa, na hakuna mtu aliyemwandikia hata mstari mmoja kumwambia kazi yako tumeiona. Halafu alipoondoka walimu wenzangu wanasema vijana wa siku hizi hawana uzalendo. Jamani! Uzalendo unafunga mlango wa kamba?

Na kukaribishwa si kitu cha upande mmoja. Kuna mwalimu wetu mmoja ambaye habari zake natamani kila mwanafunzi wa ualimu azisome. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Dunda karibu na Bagamoyo. Mwaka 1900 alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili kwenye chuo cha lugha za Mashariki. Yaani Mswahili akiwa mwalimu wa chuo Ujerumani, miaka sitini na moja kabla ya uhuru wetu. Kitabu chake cha desturi za Waswahili kilichapishwa 1903, mhariri akiwa Carl Velten, na mpaka leo wasomi wanakitumia. Lugha aliijua, kazi alikuwa nayo, mwaka 1904 akaoa mke Mjerumani. Akaanza kuonekana tatizo. Mwaka 1905 alipotaka kurudi kwao na mkewe, serikali ya kikoloni haikukubali wawili hao washuke waishi kama mke na mume. Akarudishwa Ujerumani, akaishi huko kwa kufundisha na kutoa mihadhara mpaka alipofariki Berlin mwaka 1927. Bagamoyo hakuiona tena.

Namfikiria huyu mzee kila nikimwona jirani yangu anapita na baiskeli yake, watoto wakimwita kwa jina. Yeye amepokelewa na akina mama wa mtaa mmoja wa Ifakara ambao hawana hata ofisi. Mtoro alikuwa na vyote vya kumfanya mtu akae, akakuta mlango umefungwa upande wa kwao na upande wa ugenini umeegeshwa tu. Kwa hiyo nasema hivi: kukaa mahali si tabia ya mtu. Ni makubaliano. Mgeni analeta chake na wenyeji wanaleta chao, na kama kuna serikali au taasisi katikati nayo ilete chake. Mmoja akigoma, haiwi.

Uzuri ni kwamba Ifakara yenyewe inaonyesha makubaliano yakitimizwa yanazaa nini. Ile maabara ya Waswisi haikubaki ya Waswisi. Mwaka 1996 ikawa taasisi inayojitegemea ya Kitanzania, na tangu 2008 inaitwa Taasisi ya Afya Ifakara. Imeongozwa na akina Andrew Kitua, Hassan Mshinda na Salim Abdulla. Kijiji cha Kining'ina, hapa jirani, kuna mabanda makubwa ya wavu ambako mbu wanafugwa na kuchunguzwa, na vijana wanaofanya kazi humo wengi ni watoto wa bonde hili. Wengine wamekwenda kusomea udaktari Basel, mji ulio pale Uswisi, Ujerumani na Ufaransa zinapokutana. Wakifika kule zamu inakuwa yao kuwa wageni: baridi, lugha, ofisi ya kujiandikisha, jirani asiyejibu salamu. Halafu wanarudi Ifakara kufanya kazi. Wanarudi kwa sababu kuna pa kurudia. Kuna maabara, kuna mshahara, kuna wenzao, kuna mtu anayesubiri matokeo.

Shule ya kata haina hata kimoja cha hivyo, na ndiyo maana nauliza swali hili kwa nguvu. Kama mtu anayesoma mbu anajengewa mazingira ya kukaa Kilombero miaka mitatu, kwa nini mtu anayefundisha watoto wa Kilombero asijengewe? Simwonei wivu jirani, ninampenda. Lakini mbu wa Ifakara ana watafiti wengi kuliko watoto wa Ifakara walivyo na walimu wa hisabati. Shule yangu hawa wa hisabati ni sifuri, na mimi TP yangu inaisha baada ya wiki tatu.

Jumatano binti mmoja wa kidato cha pili, wale wa kukaa mbele, alinifuata nikiwa natoka. Akasimama, akapiga goti kidogo kama wanavyofanya huku, "Shikamoo Mwalimu." Marahaba. "Mwalimu, na wewe utaondoka?" Nikamwambia mimi ni mwanafunzi kama yeye, lazima nirudi chuo nimalize. Akasema, "Ukimaliza?"

Sikumjibu papo hapo, kwa sababu jibu la kumfurahisha tu lingekuwa uongo na yeye keshadanganywa na watu wazima wa kutosha. Nimelifikiria siku tatu na jana nimempa jibu. Nimemwambia nikimaliza nitaomba Kilombero. Kuomba ni kwangu, kupangwa si kwangu. Na nimemwambia nikipangwa nitakuja na masharti. Akauliza masharti gani, nikamwambia hayo ni ya kuwaambia wakubwa.

Nayaandika hapa ili nisije nikayasahau siku nikishika cheti. Chumba chenye mlango wa kufuli na wavu dirishani, kabla sijafika. Mshahara wa kwanza mwezi wa kwanza. Mwalimu mwenzangu wa hisabati, hata kama yuko shule ya jirani, tukutane mara moja kwa mwezi tusaidiane. Na mtu mmoja huko wilayani atakayesoma ninachoandika kuhusu darasa langu na kunijibu. Ndiyo hayo tu, wala sijaomba ndege ya kunitoa nikiumwa. Mambo ya kukaa kwenye mkeka, kuchambua mchele wa msiba na kusema "Kamwene" bila kung'ata ulimi, hayo niachieni mimi.

Nimemwonyesha jirani orodha hii jioni hii. Akaisoma polepole kwa sauti, akaniambia ile ya nne hata yeye ilimchukua mwaka mzima kuipata. Kisha akafungua daftari lake. Leo tunaingia ngeli ya U, na keshaniuliza kwa nini ukuta ni kuta lakini ugali haubadiliki. Mniombee, wadau. Maharage yanaungua.